Kiganja cha Kurudisha

Watu wa Ulemo humwita Marietha chuma. "Yule mama ni chuma," wanasema, kisha wanaendelea na mambo yao, maana chuma nani atakipokea mzigo? Neno hilo linaudhi. Marietha ana miaka arobaini na saba, ana magoti mabovu, na kwa miaka mitatu sasa hajaamka hata siku moja akasema leo nimelala, usingizi umenitosha. Ni mwanamke anayeuza kuku, basi, na ana mdogo wake mgonjwa.

Kazi yake iko hivi. Nusu ya mwezi anazunguka vijijini, na siku za mnada anafika hadi Kiomboi, akikusanya kuku wa kienyeji mmoja mmoja. Kuku wa watu hawakusanywi kwa haraka. Unafika kwenye mji wa mtu, unasalimia, unapewa kigoda, unaulizwa hali ya mgonjwa, unasimulia ugonjwa wote tangu mwanzo, ndipo jogoo anakamatwa, na bei inapandishwa kwa sababu wanajua una shida na lazima utanunua. Kuku wakifika hamsini anawatia kwenye matenga, anapanda nao gari mpaka Singida mjini kwa Anuari, ambaye huwapakia kwenye fuso kwenda Dar es Salaam. Anuari anamlipa, Marietha anazifunga hela kwenye kitambaa kiunoni, na kesho yake anapanda basi kwenda huko huko waliko kuku. Kuku wanakwenda kuliwa, yeye anakwenda kuchukua kopo la vidonge thelathini. Anarudi nalo Ulemo miguu imevimba, na mwezi unaanza upya.

Vidonge ni vya Emilian, kitindamimba wa mama yao. Marietha alimzidi miaka tisa, kwa hiyo ndiye aliyembeba mgongoni mama alipokuwa shambani, na ndiye aliyempiga alipoangusha chungu cha maji. Emilian alikua akawa seremala, mtu wa utani na maneno, nusu ya milango ya kijijini ni kazi ya mikono yake. Mwaka aliotimiza thelathini na tano, wakiwa kwenye palizi ya alizeti, aliinama akatapika damu.

Kila mtu alisema vidonda vya tumbo. Akanyweshwa maziwa, akanyweshwa maji ya kabichi, akanyweshwa mizizi ya mzee mmoja wa huko Mtinko. Alipoanguka tena ndipo akapelekwa hospitali, kutoka hiyo akapewa barua ya kwenda nyingine kubwa zaidi, mpaka wakajikuta Dar es Salaam, Marietha kalala kwenye kanga chini ya ngazi siku kumi na nne. Walimpasua wakatoa uvimbe mkubwa kama boga changa pamoja na kipande cha tumbo. Lakini kwenye ini walikuta vivimbe vingine vidogo, na hivyo havikutoleka.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimkalisha Marietha, akamwambia hii ni kansa inayoota kwenye ukuta wa tumbo, si ile ya tumbo ambayo watu wanaisikia, na wagonjwa wake ni wachache mno.

"Wachache kiasi gani?" Marietha aliuliza.

"Mimi nimewaona wachache sana tangu nianze kazi, mama."

Marietha alikasirika, na hakuficha. Wachache, halafu mmoja wao anatafutwa Ulemo, kwenye nyumba ya watu ambao hata malaria wanaitibu kwa kukopa. Daktari alisubiri amalize, kisha akamweleza habari ya vidonge. Kimoja kila siku, baada ya chakula, maisha yote. "Hii dawa haiui huo uvimbe," alisema. "Inaulaza. Akiacha kumeza, unaamka. Kwa hiyo asiruke hata siku moja. Umenielewa, mama? Hata moja." Alielewa. Maneno hayo ndiyo yaliyomgeuza kuwa chuma.

Bima yao ya kaya haikuigusa dawa hiyo. Maksai wakauzwa, na jembe lao, na Emilian akauza randa na misumeno yake kimyakimya siku Marietha hayupo. Kanisani walichangisha. Mara ya kwanza watu huchanga hadi unalia kwa shukrani, mara ya pili wanachanga kidogo, na ukifika mwaka wa tatu wanakuuliza hali ya mgonjwa huku wanatazama pembeni. Isitoshe, mgonjwa mwenyewe hakuonekana mgonjwa. Vidonge vile vilimvimbisha uso, hasa chini ya macho, na ngozi ikawa nyeupe kuliko ya kuzaliwa. Watu walimwona anapita, uso umejaa, anang'aa, wakasema Emilian ananenepa tu kwa jasho la dada yake, kansa gani hiyo? Hawakumwona akiwa amejikunja kitandani na kichefuchefu tangu asubuhi hadi saa tano. Yeye aliyasikia maneno hayo yote. Aliyatania, akasema akipona atafungua duka la vipodozi, lakini yalimwingia.

Sasa kuna jambo la mama yao, na lisiposemwa hapa mengine hayataeleweka. Mama alikuwa na vilindo viwili, ile mikebe mikubwa ya gome la mti ya kutunzia nafaka. Kimoja kilikuwa cha kula. Kila alipochota mtama wa kusaga, hata kama uliobaki ni wa kukwangua, kiganja cha mwisho hakukitia kwenye ungo. Alikitia kwenye kilindo cha pili, akafunika. Watoto walilala na njaa kidogo kila siku na hawakujua ni kwa nini. Halafu ukifika mwezi wa pili, alizeti ingali mauani na majirani wanahangaika kuomba debe, mama alifungua kilindo cha pili, na kwao kukawa na ugali. Emilian alipokuwa mdogo alifikiri ni muujiza. Alikuwa akisimama karibu na mama, anachungulia ndani, anacheka. Mama alipofariki Marietha alirithi vilindo vyote viwili, na kile cha pili, kwa kuwa siku hizi unga unanunuliwa dukani, kilibaki kitupu kwenye kona ya chumba cha Emilian.

Ilikuwa mwezi wa pili mwaka huu. Marietha amerudi kutoka Dar es Salaam, basi liliharibika njiani, kuku watano walikuwa wamekufa kwenye tenga kabla ya kufika kwa Anuari. Alikaa mlangoni, akavua viatu kwa shida. Jirani yake Magdalena alikuja na kikombe cha uji, akamkuta anaitazama miguu yake kama vile si yake.

"Pole, dada. Umechoka."

"Nimechoka, Magdalena," alisema. "Nimechoka mpaka ndani. Ningepata mwezi mmoja tu wa kukaa nyumbani. Mmoja tu. Mwezi usio na kuku, usio na basi, usio na kidonge. Ningelala mpaka nioze."

Wakacheka wote wawili. Magdalena akachukua kikombe chake akaenda zake, na Marietha akayasahau maneno hayo kabla jua halijazama. Ni maneno ya kila mtu aliyechoka, wala hayana ubaya.

Mwezi wa nne Emilian alipigwa picha, wakaambiwa uvimbe umelala vizuri. Dada na mdogo walinunua chipsi mayai nje ya hospitali wakala wamesimama, na ilikuwa siku nzuri. Safari iliyofuata ya picha ilikuwa mwezi wa kumi. Emilian alikuwa amepungua, anasema ni joto. Kwenye gari alishika ubavu wa kulia, anasema ni kiti. Marietha alimtazama akanyamaza, kwa sababu kuna mambo mtu akishayauliza inabidi ayasikie.

Daktari yule yule aliangalia picha kwa muda mrefu. Akasema mdogo wake angoje nje kidogo, apumzike.

"Uvimbe umeamka, mama. Vile vya kwenye ini vimekua, na kuna kingine kipya. Naomba unijibu ukweli. Dawa anameza kila siku?"

Swali hilo lilimuumiza Marietha kuliko habari yenyewe. "Daktari, mimi ndiye ninayeileta," alisema. "Miaka mitatu sijakosa mwezi. Nimeileta na homa, nimeileta siku ya pili baada ya kumzika shangazi yangu. Kila siku anameza. Kila siku."

Daktari akaamini, na nani asingeamini? Akasema basi uvimbe umeishinda dawa, hutokea. Ipo nyingine. Alipotaja bei yake kwa mwezi, Marietha alimwomba aitaje tena. Ilikuwa mara tatu ya ile ya kwanza. Hakuna idadi ya kuku wilaya nzima ya Iramba ambayo mwanamke mmoja mwenye magoti mabovu angeweza kuikusanya ikafika hapo.

Alipokwenda dirishani kuchukua kopo la mwezi, akaambiwa la dawa ile hapewi tena, asubiri mpya. Akarudi mikono mitupu kwa mara ya kwanza. Njia nzima alipiga hesabu moja tu: shamba la mama. Ekari sita, ndizo zilizobaki. Kabla hawajafika nyumbani alishampigia mtu anayelitaka, wakapatana wakutane kwa mtendaji wa kijiji siku ya Jumatatu.

Jumapili baada ya ibada alimwambia Emilian. Walikuwa wamekaa uani, Marietha anachambua mchicha. Alimwambia yote kwa mkupuo, kwamba dawa imeshindwa, kwamba kuna nyingine, kwamba shamba linauzwa kesho na hataki mjadala. Alifikiri atabishana naye. Emilian hakubishana. Alikuwa na sura ambayo Marietha hakuielewa, sura ya mtu aliyekuwa akisubiri sikukuu.

"Dada, usiuze shamba kwa haraka," alisema. "Subiri."

Akaingia ndani. Alitoka anakokota kilindo cha mama, kile cha pili, kwa mkono mmoja, ule mwingine umeshika ubavu. Akakiweka mbele yake, akafunua.

"Nilitaka nikupe Krismasi," alisema. "Lakini chukua tu leo. Mwezi wako huo."

Ndani, chini kabisa, kulikuwa na kitambaa cheupe kimefungwa fundo. Marietha alilifungua. Vilikuwa vidonge. Vidonge vile vile, vya rangi ya udongo wa kichuguu, vingi, vikavu, safi, vimetunzwa vizuri kama mbegu. Aliviangalia. Alivijua hata kwa uzito wake, kwani alikuwa amevibeba miaka mitatu.

"Nini hiki, Emilian?"

"Nimekurudishia kiganja." Alikuwa anatabasamu. "Ile siku na Magdalena, nilikusikia. Nikasema huyu dada hajawahi kuniomba kitu. Nikaanza Jumapili. Kidonge cha Jumapili simezi, natia humu. Mwezi wa nne tukapigwa picha, si waliona umelala? Nikajua mwili umezoea. Nikaongeza na Jumatano. Wewe ulisema mwezi mmoja, dada, mimi nikaona nikuwekee na nyongeza. Viko sitini na moja. Miezi miwili hukanyagi basi."

Mchicha ulikuwa mapajani mwa Marietha. Kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa hasira, hasira kubwa ya kutaka kumpiga kama siku ile ya chungu, na mkono wake uliinuka kweli. Kitu cha pili kilikuwa sauti yake mwenyewe mwezi wa pili, mlangoni, ikisema mmoja tu. Mkono ukashuka.

"Daktari alisema nini?" aliuliza. "Miaka mitatu iliyopita. Alisema nini, Emilian?"

"Alisema nisiache. Sikuacha, nilipunguza." Sasa tabasamu lilikuwa linaondoka polepole, maana alikuwa ameuona uso wa dada yake. "Mama alipunguza, na tulikula. Hakuna aliyekufa."

"Uvimbe umeamka."

"Umesema dawa imeshindwa."

"Mimi ndiye niliyemwambia daktari unameza kila siku. Nimemwapia."

Emilian akakaa chini kwenye vumbi, pale pale, karibu na kilindo. Alisema kwa sauti ndogo, "Na siku zile nisizomeza sikutapika. Nilikuwa nakula kama mtu. Hilo nalo nikwambie ukweli." Hapo ndipo Marietha alipolia. Alilia kwa ajili ya hilo la kula kama mtu, na kwa ajili ya vile vidonge vilivyofungwa vizuri, na kwa sababu katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwekea akiba ya kitu chochote isipokuwa huyu mpumbavu.

Alimpigia simu nesi wa kliniki, Hanifa, ambaye alikuwa amempa namba yake kwa wema tu. Hanifa alisikiliza, akaguna, akasema atamtafuta daktari. Jioni daktari akapiga mwenyewe. Hakugomba. Labda alikuwa ameshasikia mambo ya namna hiyo. Alisema kama ni hivyo basi dawa huenda haijashindwa, ilikuwa haifiki ya kutosha. Dawa mpya isubiri, na shamba lisubiri. Aanze leo, kimoja kila siku, hivyo hivyo vilivyotunzwa vinafaa maadam havikupata unyevu, na vikiisha aje apigwe picha.

"Uvimbe utarudi kulala?" Marietha aliuliza.

"Inawezekana, mama. Siwezi kukuahidi. Kuna wakati ukishaamka, unakuwa umejifunza kuikwepa dawa."

Jumatatu alimpigia mnunuzi wa shamba akamwomba radhi. Na hivyo Marietha akaipata miezi yake miwili, kama alivyoomba, na nyongeza.

Ungedhani alilala. Siku mbili za mwanzo alilala kweli, mchana na usiku, usingizi mzito usio na ndoto, na alipoamka siku ya tatu aliona haya kwa jinsi ulivyokuwa mtamu. Baada ya hapo haukurudi. Alikuwa akiamka alfajiri akakaa kwenye kigoda mlangoni kwa Emilian, akisubiri aamke, apike uji, ale, ameze. Alimwambia afungue mdomo, anyanyue ulimi, kama wanavyofanya na watoto. Emilian alifungua, akanyanyua. Utani wake ulikuwa umemwishia. Kichefuchefu kilimrudia kila siku, uso ukavimba tena, na Magdalena alipopita alisema kwa nia njema, "Emilian, naona umenawiri."

Anuari alipiga simu katikati ya mwezi wa kumi na moja. Kuku wa sikukuu, bei imepanda, wateja wake wanalia. "Dada Marietha, umenitupa?" Alimjibu kwamba yuko mapumzikoni. Anuari akacheka sana, alidhani ni mzaha.

Mvua zikaja, wakapanda alizeti wenyewe kwa jembe la mkono, Marietha analima, Emilian anafukia mbegu kwa mguu na kupumzika kila baada ya mstari mmoja. Vidonge vilipungua ndani ya kitambaa. Kuna siku Marietha alikwenda kuchota unga, na mkono wake, bila yeye kuutuma, ukatenga kiganja kimoja pembeni kama mama. Alisimama akakitazama. Kisha akakitia chote kwenye sufuria, wakala ugali mwingi kuliko walivyouhitaji.

Siku ya sitini na moja ilikuwa wiki moja kabla ya Krismasi. Emilian alimeza cha mwisho mbele yake, akafungua mdomo, akanyanyua ulimi. Kitambaa kilikuwa kitupu, na Marietha akakikunja akakitia mfukoni. Matenga mawili yalikuwa tayari mlangoni, kuku waliofungwa miguu wanalalamika. Alikuwa amewakusanya kwa siku sita, akitoka baada ya kidonge cha asubuhi. Kesho wangepanda basi wote wawili kwenda kupigwa picha, na hakuna aliyejua picha itasema nini. Magoti yalikuwa yanamuuma. Kwenye mabega alikuwa na uzito ambao hakuwa nao hata mwezi ule wa pili, alipodhani amefika mwisho wa kuchoka.

Emilian alimshika mkono kabla hajainua tenga. Macho yake, chini ya uvimbe, yalikuwa yale yale ya mtoto anayechungulia kwenye kilindo.

"Dada," alisema. "Angalau umepumzika?"

Marietha alimtazama. Aliliona swali lilivyo, na akaona kwamba jibu lake Emilian atalitunza, atalifunga fundo, atalifanyia kazi.

"Nimepumzika, mdogo wangu," alisema. "Nimepumzika sana." Akajitwisha tenga.